Bisibisi Sikioni

Ng'ombe walikuwa wa Stanislausi, kwa hiyo gari angechagua Stanislausi. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano ya nyumba ile, na Ghati, mkewe, aliyakubali asubuhi ileile ng'ombe saba walipotolewa zizini kupelekwa mnadani. Kuendesha kungekuwa kazi ya Ghati. Macho ya Stanislausi yalikuwa yameliwa na presha ya macho kwa miaka minne, na sasa aliona mwanga na vivuli tu, na kivuli hakikuambii kama ni mtu au mbuzi.

Sababu ya kuuza ng'ombe ilikuwa moja. Mwezi wa pili, walipokuwa wakienda kliniki ya macho, Stanislausi alikosa ngazi ya basi pale stendi ya Musoma akaanguka kifudifudi, na utingo wa basi lile, badala ya kumwinua, akawaambia abiria wapishe kwanza mzigo ushushwe. Watu walicheka. Stanislausi aliendesha lori la pamba miaka thelathini na moja na hakuwahi kuitwa mzigo. Tangu siku hiyo alikataa kupanda basi, kliniki haendi, na dawa yake ya matone ikaisha kwenye chupa.

Sasa, Alhamisi moja ya mwezi wa tano, walikuwa wamesimama Nyasura, mjini Bunda, katika gereji ya Benson, mbele ya magari mawili madogo yaliyotumika. Jekundu lilikuwa la petroli, otomatiki. Jeupe lilikuwa la dizeli, la gia za mkono. Bei zilikaribiana, kwa hiyo fedha haikuwa na la kusema hapo. Mwenye magari, dalali aitwaye Mwandu, aliongea na Ghati peke yake, na kila alipotaka kujua jambo la Stanislausi alimuuliza Ghati.

“Mzee anapendaga kukaa mbele au nyuma?”

“Niulize mimi,” Stanislausi alisema. “Niko hapa.”

Mwandu akaomba radhi, kisha baada ya dakika mbili akamuuliza Ghati kama mzee anaruhusiwa sukari kwenye chai.

Benson alikuwa mtu mwingine. Huyu alikuwa utingo wa Stanislausi kwa miaka tisa, wakibeba pamba kutoka Kibara na Suguti kuileta kiwandani Bunda, na ufundi aliofungulia gereji alifundishwa njiani, chini ya lori. Alimshika mzee mkono akampeleka mpaka kwenye boneti ya gari jeupe, akaliwasha, akamwekea bisibisi ndefu kiganjani.

Stanislausi alipapasa injini mpaka akaipata pampu ya dizeli, akasimamisha ncha ya bisibisi juu yake, na mpini akaubana sikioni. Ndivyo walivyokuwa wakipima enzi zile, porini, bila kifaa kingine. Chuma kinaleta sauti yote ya ndani, na mwenye sikio anajua kilicho kizima na kinachokufa. Alisikiliza pampu, akahamia nozeli zinazonyunyiza mafuta, ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Ghati alimtazama mumewe akaona kitu ambacho hakukiona tangu macho yaanze kuondoka, uso uliotulia wa mtu aliye kazini.

“Hii ni nzima,” Stanislausi alisema. “Nozeli ya tatu imechoka kidogo, lakini pampu ni nzima kabisa. Benson, sikiliza.”

Benson alisikiliza, akakubali.

Walipowasha jekundu, alisikiliza kwa adabu tu. Akasema gari hilo linanong'ona kama mtu anayeungama, na yeye si padri.

Benson alicheka, kisha akawa fundi tena. Alitaka kujua wazee watakuwa wanakwenda wapi na wapi. Ghati akamjibu: kliniki Musoma mara moja kwa mwezi, kanisani Jumapili, sokoni Butiama. Benson alijikuna shingo. Alieleza kwamba dizeli inakula kidogo na inapanda mlima bila kulalamika, lakini inataka safari ndefu, ishike moto sawasawa. Ukiifanyia kazi ya kanisani na sokoni inajaa masizi, na mafuta yake yakiingia maji pampu inaharibika, na bei ya pampu ni ya kutoa machozi. Petroli inakula zaidi, ila unawasha, unaondoka.

“Tutakwenda mbali,” Stanislausi alisema haraka. “Kibara. Suguti. Nina watu kule, wananitaka niwatembelee.”

Akawataja watatu kwa majina. Ghati aliwajua wote: wawili walikuwa wameshazikwa, na wa tatu alihamia kwa watoto wake Geita bila kuaga mtu. Stanislausi habari hizo zote alikuwa nazo. Akamwambia Mwandu kwamba Jumamosi watarudi na fedha kuchukua jeupe.

Kitongojini kwao, mwendo mfupi kutoka Butiama, petroli haikuwa shida. Kila kibanda kiliipanga mezani kwenye chupa za maji, kwa ajili ya pikipiki. Dizeli ilikuwa kwa mtu mmoja tu, Bernado mwenye mashine ya kusaga. Ijumaa asubuhi Ghati alijitwisha debe la mahindi akaenda kwake, kusaga na kuuliza.

Pipa la dizeli lilikuwa chini ya mchirizi wa bati, limefunikwa kwa kipande cha gunia, na usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha. Ghati aliliangalia gunia lile lililolowa mpaka unga wake ukawa tayari. Bernado alimwambia mafuta atamuuzia, yakiwepo, lakini mavuno yakichanganya, mashine ndiyo inayopewa kwanza. Hayo Ghati aliyameza. Yaliyofuata yalimkwama.

“Ila mwambie mzee aje mwenyewe tupatane, mama Helena. Mambo ya injini siongeagi na akina mama.”

Ghati alikuwa na leseni yake ndani ya kitambaa, kifuani. Aliipata akiwa na miaka hamsini na sita, katika darasa la vijana Musoma waliomwita bibi na kumpisha kwenye kivuli. Hakuitoa kumwonyesha Bernado. Alilipa, akajitwisha unga, akaondoka.

Mchana walikula ugali na dagaa. Ghati alimweleza mumewe habari za pipa na mvua. Stanislausi alisema dizeli atakuwa anaichuja kwa kitambaa, lori alilichujia miaka mingi. Ghati akasema Bernado anasema yakiwepo. Stanislausi akasema Bernado ataongea naye. Kila jambo lilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa ya mtu aliyejua kazi yake, na hilo ndilo lililomchosha Ghati. Alijiona kwenye mlima, gari limezima, malori yanampita kwa honi, na mwanamume asiyeona yuko kando yake.

“Ikiingia hewa ikazima njiani, mimi sijui kuitoa,” alisema.

“Nitakuelekeza.”

“Utanielekeza kwa kuona nini, baba Helena?”

Neno likawa limeshatoka. Stanislausi aliacha tonge kwenye sahani, akatafuta maji ya kunawa kwa kupapasa, na Ghati akamsogezea bakuli kwa haraka, jambo ambalo halikusaidia.

“Wewe una macho, Ghati,” alisema baadaye. “Mimi niachie masikio.”

Saa nane binti yao Helena alipiga simu kutoka Dodoma. Ghati aliweka sauti ya juu ili wote wasikie. Helena alikuwa kazini, watu wanamwita pembeni, na alitaka jambo liishe. Alisema jamani hili nalo ni la kujadili? Mama ndiye dereva, mama achague, baba yeye atakaa tu. Halafu akasema atapiga tena jioni. Jioni hakupiga, na hakuna aliyekuwa amemngoja kwa kweli, maana ahadi za Helena za jioni walishazizoea.

Stanislausi hakuwa anagombania mafuta. Ghati alilijua hilo na lilimuuma. Shamba lililimwa na vibarua, ng'ombe walikuwa wameondoka, kijijini watu walimsalimia kwa sauti kubwa kama kiziwi na kupita. Kilichobaki duniani ambacho aliweza kukifanya na mkewe asiweze kilikuwa kusikiliza injini ya dizeli. Katika gari lile jeupe angekuwa bado mtu wa lori, mkewe akiwa usukani tu. Katika jekundu angekuwa anapelekwa.

Ghati alijua, na bado aliingia zizini, mahali pekee ambapo sauti isingefika barazani, akasimama katikati ya samadi iliyoanza kukauka, akampigia Benson.

“Umwambie pampu imekufa,” alimwambia. “Umwambie imeharibika tangu juzi.”

Benson alitoka kwanza nje ya gereji.

“Mama, huyu mzee ndiye aliyenifundisha.”

“Najua.”

“Ataomba bisibisi.”

“Wewe ndiye fundi sasa. Ukisema imekufa, imekufa. Ni mimi nitakayekuwa naye barabarani, Benson, siyo wewe. Mwaka huu asipokwenda kliniki, hata vivuli hataviona.”

Benson alisema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa abebe jeneza. Ghati alibaki kidogo zizini. Kamba za ng'ombe zilikuwa bado zimening'inia kwenye nguzo, hakuna aliyekumbuka kuzitoa.

Jumamosi Stanislausi alivaa koti lake la sikukuu. Mpaka Bunda walikodi taksi, na njia nzima alimwambia dereva yule kijana namna ya kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, hatua kwa hatua, ili Ghati aliyekaa nyuma asikie na kujifunza. Ghati alisikia kila hatua.

Pale gereji, Benson hakumshika mzee mkono. Alisimama mbali kidogo, akifuta mikono kwa tambara ambalo halikuwa na kazi.

“Mzee, kuna tatizo,” alisema. “Juzi mlipoondoka niliitembeza. Pampu imekufa. Sikushauri uichukue.”

Mwandu alitaka kufungua mdomo kutetea gari lake. Benson akamkata jicho, na Mwandu akaufumba. Kwake ilikuwa mamoja, mradi moja liuzwe.

“Washa,” Stanislausi alisema.

Benson aliwasha. Mzee akanyoosha kiganja, na baada ya muda bisibisi ikawekwa juu yake. Aliipata pampu bila kupapasa safari hii, akasimamisha ncha, akabana mpini sikioni. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko Alhamisi. Ghati aliona aibu ikimpanda usoni, na akashukuru kwamba mumewe haoni uso huo, kisha akaona aibu zaidi kwa kushukuru.

Pampu ilikuwa nzima. Ilikuwa inapiga sawasawa kama ilivyopiga Alhamisi, na Stanislausi aliisikia. Akamsikia pia Benson, nyuma yake, akipumua kwa mdomo kama alivyokuwa akipumua enzi za utingo alipoficha kosa. Na upande wa kushoto alimsikia mkewe hapumui kabisa. Kwa mtu wa masikio, hayo yalitosha.

Aliinuka. Aliifuta bisibisi kwenye koti la sikukuu, akamrudishia Benson, mpini mbele, kama alivyomfundisha.

“Kweli,” alisema. “Imechoka. Mnichukulie hiyo nyekundu.”

Benson aliipokea bila kumtazama mtu. Hati zilipoandikwa, Stanislausi ndiye aliyeweka dole gumba, mara tatu, kwa jina lake. Mwandu alimshika kidole akakipeleka kwenye karatasi bila kumwomba ruhusa.

Kurudi, Ghati aliendesha vizuri. Alipita malori, alipunguza penye matuta, alipanda vilima bila kushtuka, na gari jekundu halikulalamika hata mara moja. Stanislausi alikaa mbele, mikono magotini. Barabara hii alikuwa akiijua kwa gia. Akiwa amelala kitandani aliweza kukwambia ni kilima gani lori linataka namba tatu na kipi linataka namba mbili, na kwa mlio wa injini tu alijua yuko wapi. Gari hili lilijibadilishia lenyewe, kimyakimya.

“Tumefika wapi?” aliuliza.

“Bado kidogo njia panda ya Kiabakari.”

Alitikisa kichwa kana kwamba alijua. Baada ya muda akauliza tena, na Ghati akamjibu. Mara ya tatu Ghati alijisemea atamtajia mwenyewe kila kijiji kabla hajaulizwa, na akafanya hivyo mpaka nyumbani, kwa sauti ya uchangamfu isiyokuwa yake. Stanislausi hakuuliza tena siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Mambo yote Ghati aliyoyasema yalitimia. Kliniki walikwenda mwezi ule na uliofuata, na daktari wa Musoma alisema kilichobaki cha macho kinaweza kutunzwa kama matone hayatakatika. Mafuta yalipopungua njiani walisimama kibandani, msichana akamimina chupa mbili, wakaondoka. Asubuhi gari liliwaka kwa mguso mmoja. Alikuwa na haki kwa kila kitu, na hakupata hata mtu mmoja wa kumwambia jinsi haki hiyo ilivyokuwa chungu.

Safari ya tatu, Stanislausi alipapasa mlango wa mbele, akauacha, akafungua wa nyuma. Ghati akamuuliza kwa nini anakaa huko. Alisema nyuma kuna nafasi ya miguu. Mpaka Musoma, Ghati aliona kwenye kioo mzee wa koti la sikukuu akitazama dirisha asiloliona.

Gari jeupe nalo lilipata mwenyewe. Alilinunua Bernado, na ilikuwa lazima iwe hivyo, maana dizeli alikuwa nayo mlangoni. Mwezi wa saba alianza kulitumia kupeleka unga sokoni Butiama, na kila asubuhi saa mbili lilipita mbele ya nyumba ya Stanislausi, limejaa mifuko mpaka kwenye paa.

Siku ya kwanza Ghati alikuwa jikoni. Alilitambua kabla halijafika na ufagio ukamsimama mkononi. Lilipita, likapanda kilima cha kanisa na mzigo wote ule, likapotelea upande wa pili. Aliporudi barazani, mumewe alikuwa amekaa vilevile. Ila kesho yake, kabla ya saa mbili, Stanislausi alichukua kigoda chake na fimbo, akaenda kukaa kwenye ua, karibu na barabara. Kesho kutwa vivyo hivyo. Watu waliopita walidhani mzee anaota jua.

Ghati alivumilia wiki mbili. Siku aliyoshindwa ilikuwa Jumatano, na alimpelekea chai pale uani akabaki amesimama, birika mkononi, mpaka gari likaja. Lilipita na vumbi lake. Stanislausi aligeuza kichwa polepole kulifuata, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho.

“Namba tatu,” alisema kwa sauti ndogo. “Sasa anaingiza namba mbili. Amechelewa, huyu.”

“Pampu yake ilikuwa nzima,” Ghati alisema.

“Ni nzima mpaka leo.”

“Nilimwomba Benson aseme vile. Ni mimi.”

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu bisibisi.”

Ghati aliweka birika chini, kwenye majani. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa machozi, na kwa hili hakuwa amejiandaa.

“Mbona hukusema? Ng'ombe walikuwa wako. Ungesema tu pale, tungeichukua.”

Stanislausi alipapasa kikombe, akakipata, hakunywa.

“Ningesema,” alisema, “halafu nani angeniendesha?”

Ghati alitaka kumwambia kwamba angemwendesha tu, dizeli au petroli, angemwendesha mpaka Kibara kwenye makaburi ya rafiki zake kama angetaka. Lakini siku ile Nyasura, kabla ya uongo, hakulisema, na sasa lilikuwa limechacha mdomoni. Mumewe aliinua mkono kidogo, kumwomba utulivu. Alikuwa bado anasikiliza. Alisema Bernado yuko kwenye kona ya kanisa. Alisema anashuka, ameachia, haipaswi kuachia pale na mzigo.

Ghati aliketi chini kando ya kigoda. Barabara ilikuwa tupu, vumbi limeshatua. Alifumba macho ili naye asikie, akayabana kabisa, na alichosikia ni kuku, na mashine ya kusaga ikianza kazi kule mbali, na pumzi ya mumewe.

“Sasa amefika wapi?” aliuliza.

Stanislausi aliinamisha kichwa upande, akasikiliza.

“Ameshapotea,” alisema, akaanza kutafuta fimbo yake kwenye majani.